Santuri za Wazee Wetu na Kazi ya Kuziokoa



Historia ya nchi hukaa mahali pengi. Iko katika majalada ya masjala, katika madaftari ya mahudhurio ya shule na katika vichwa vya wazee wetu. Lakini iko mahali pengine ambapo wengi wetu hatupatupii jicho, nako ni katika kile kisanduku cha sahani za santuri kilichosukumwa chini ya kitanda tangu zamani na kusahauliwa. Katika makala haya nataka kueleza sahani hizo zilitoka wapi, kwa nini leo zina thamani kuliko zilipokuwa mpya, na jinsi mtu anavyoweza kuihamisha sauti yake kwenye kompyuta akiwa nyumbani, kama nifanyavyo mimi hapa Kikwe nyakati za jioni na siku za mapumziko.

Hoja yangu ni moja. Muziki wa dansi wa nchi hii ulitungwa na kupigwa hapa, lakini sahani zake zilitengenezwa nje ya mpaka. Tepu mama zilibaki huko, mikononi mwa makampuni ambayo mengi yamekwisha kufungwa au kuuzwa. Kwa hiyo ile sahani iliyochakaa nyumbani kwa mzee wako si nakala tu. Yawezekana kabisa kwamba ndiyo jalada halisi.

SANTURI ZILIVYOTUFIKIA

Sahani za kwanza kuimbwa kwa Kiswahili na kupata sifa kubwa ni zile za Siti binti Saad wa Unguja. Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kwa meli hadi Bombay, India, wakarekodiwa na kampuni ya Gramophone, ambayo alama yake ya mbwa anayesikiliza gramafoni iliitwa His Master's Voice. Tangu mwanzo, basi, mambo yalikuwa hivyo: mwimbaji ni wa huku, mtambo ni wa kule. Sauti ilivuka bahari, ikarudi Unguja na mwambao ikiwa bidhaa ya dukani.

Sahani za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika. Zilitengenezwa kwa utomvu wa mdudu apatikanaye India na nchi jirani zake, ukichanganywa na unga wa mawe. Zilikuwa nzito, na zikidondoka zilivunjika kama sahani za udongo. Upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi. Gramafoni yenyewe haikuhitaji umeme, kwani iliendeshwa kwa kuzungusha mkono wa chuma, na sindano yake ya chuma ilitakiwa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja. Wengi hawakuibadilisha, kwa sababu sindano ziliuzwa na fedha ilikuwa adimu. Kwa sababu hiyo sahani nyingi za miaka hiyo zimekwanguliwa vibaya.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ziliingia kwa wingi sahani za muziki wa Kuba, zile ambazo lebo zake zilianza na herufi GV. Vijana walizisikiliza, wakazifuatisha kwa magitaa, kisha wakatia maneno yao wenyewe. Bendi ya Salum Abdallah ya Morogoro iliitwa Cuban Marimba, na jina hilo latosha kueleza habari yenyewe. Hii haikuwa kuiga tu. Alipofariki Salum Abdallah mwaka 1965 alikuwa ameacha nyimbo ambazo hakuna Mkuba angeweza kuzitunga.

Wakati huo huo sahani zenyewe zilikuwa zikibadilika. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani kubwa ya plastiki iliyozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, na mwaka uliofuata, 1949, RCA Victor wakatoa ile ndogo ya mizunguko 45. Hii ndogo ndiyo iliyopendwa zaidi Afrika Mashariki. Ilikuwa nyepesi, haikuvunjika ovyo, na bei yake ilimwezesha hata karani au mwalimu wa shule ya msingi kununua moja kila apatapo mshahara. Wimbo mrefu uligawanywa: mwanzo upande wa kwanza, na chemko upande wa pili.

MUZIKI HAPA, KIWANDA KULE

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sahani za bendi zetu zimeandikwa Nairobi. Jibu ni kwamba mitambo ya kukandamiza sahani ilikuwa huko tangu miaka ya 1950, pamoja na studio na makampuni ya kigeni. Hapa nchini bendi zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965. Lakini redio ilirekodi kwa ajili ya matangazo, si kwa kuuza. Nyimbo zilikaa katika tepu, zikapigwa hewani, na msikilizaji wa Usa River au Monduli alizisikia katika transista yake bila kuwa na njia ya kuzimiliki.

Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na baadaye ikapewa pia kazi ya kushughulikia sahani za muziki. Ilitoa sahani kadhaa katika miaka ya 1970. Lakini hapakuwa na kiwanda cha sahani kilichofanya kazi nchini, na kiwanda cha jirani kikaendelea kutegemewa.

Matokeo yake ni kwamba wimbo mmoja wa bendi moja waweza kuwa na maisha mawili. Kuna ule uliorekodiwa Dar es Salaam kwa ajili ya redio, na kuna ule uliorekodiwa Nairobi kwa ajili ya sahani. Maneno ni yale yale, lakini magitaa, mwendo na hata urefu hutofautiana. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, na baadaye Super Volcano, ni mfano mzuri. Aliimba redioni, na sahani zake zikauzwa sana pande zote mbili za mpaka. Alipofariki katika ajali ya gari karibu na Mombasa mwezi wa Januari, 1979, alikuwa katika nchi ile ile ambako sauti yake ilikuwa ikigeuzwa kuwa bidhaa. Anayetaka kumjua Mbaraka kwa ukamilifu hapana budi asikilize tepu za redio na sahani pia. Moja haichukui nafasi ya nyingine.

ARUSHA JAZZ NA BARABARA YA NAMANGA

Sisi wa mkoa huu tuna habari yetu ya pekee. Mwaka 1970 ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Kinyonga na George Kinyonga, waliokuwa wakipiga na Jamhuri Jazz, walihamia mjini Arusha. Pamoja na ndugu yao wa tatu, William, waliunda bendi wakaiita Arusha Jazz. Lakini hawakukaa. Mwaka 1971 walivuka kwenda Kenya, na huko wakajiita Simba Wanyika. Jina hilo lilipata umaarufu kwa zaidi ya miaka ishirini. Kutoka katika bendi hiyo walitoka Les Wanyika mwaka 1978, na bendi nyingine za ukoo wa Wanyika zikafuata. George alifariki mwaka 1992, na Wilson akamfuata mwaka 1995.

Vijana wengi hudhani kwamba muziki wa Wanyika ni wa Kikenya mwanzo mwisho. Ukweli ni kwamba mbegu yake ilioteshwa Tanga na kukaa kitaluni hapa Arusha, kisha ikapandwa Kenya kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na studio, kiwanda na soko. Simlaumu mwanamuziki aliyekifuata chombo chake cha kazi. Nataka tuone tu kwamba jina la mji wetu lilifutika katika lebo, na likabaki katika kumbukumbu za watu waliocheza dansi wakati ule, ambao sasa ni wazee sana.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa hapa Arusha tangu 1967, ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Kutoka Arusha hadi Namanga si zaidi ya kilomita 110 hivi, lakini barabara ile ilikufa kibiashara hadi mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Kwa miaka sita sahani mpya zilipita kwa shida au hazikupita kabisa. Mwenye sahani za kabla ya 1977 alizipiga zile zile, usiku hadi usiku, kwa sindano ile ile, kwa kuwa sindano nayo ilitoka nje. Ukizichunguza sahani za huku kwetu utaona alama ya miaka hiyo: mfereji umekuwa mweupe kwa kukwanguliwa. Huo uchakavu wenyewe ni historia.

Na mpaka ulipofunguliwa, kaseti ilikuwa imekwisha kuingia. Kaseti ilikuwa rahisi, ilirekodiwa kutoka redioni au kutoka kaseti nyingine, na haikuhitaji gramafoni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 sahani zilikuwa vitu vya kale. Nyingine walipewa watoto wachezee. Nyingine zilipashwa moto zikakunjwa kuwa vyombo vya kupandia maua, na mimi mwenyewe nimevikuta vyombo vya namna hiyo katika vibaraza viwili vya majirani, lebo ikiwa bado inasomeka katikati.

Siyo kwamba hakuna waliojali. Tepu za Redio Tanzania zimekuwa chini ya uangalizi wa shirika la utangazaji la taifa, leo TBC, na katika miaka ya 2010 Rebecca Corey na Benson Rukantabula walianzisha Tanzania Heritage Project kuhimiza tepu hizo zihamishiwe katika mitambo ya kisasa. Werner Graebner wa Ujerumani alikusanya muziki wa dansi wa miaka ya 1960 katika toleo la tatu la mfululizo wa Zanzibara, lililotolewa Ufaransa mwaka 2007. Kazi hizo ni za kusifiwa. Lakini hakuna taasisi wala mgeni atakayeingia katika kila nyumba ya Kikwe, Poli, Mbuguni na Nkoaranga kutazama chini ya vitanda. Hiyo ni kazi yetu.

SOMO LA SAHANI ZA NJIA NNE

Hapa naomba ruhusa nitoke kidogo nje ya muziki wetu, kwa sababu kuna sahani za kigeni zilizonifundisha jambo ambalo halikuwa wazi kwangu kwa sahani zetu.

Mji wa Arusha katika miaka ya Jumuiya ulikaliwa na maofisa na wataalamu wa mataifa mengi. Walipoondoka waliuza au kuacha vitu vyao, na sahani zao zikaingia katika nyumba za wananchi. Katika kisanduku kimoja nilichopewa nilikuta sahani mbili zilizoandikwa juu ya jalada lake neno la Kiingereza lenye maana ya sauti nne. Hizo ndizo sahani za kwadrafoni.

Sahani ya kawaida ya stirio, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ina mfereji wenye kuta mbili. Ukuta mmoja hubeba sauti ya kushoto, wa pili hubeba ya kulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 makampuni yalitaka msikilizaji azungukwe na spika nne, mbili mbele na mbili nyuma. Tatizo lilikuwa moja: kuta za mfereji ni mbili tu. Sauti nne zitapita wapi?

Walitokea na majibu tofauti. CBS ya Marekani, kwa mtindo ulioitwa SQ, na Sansui ya Japani, kwa mtindo wa QS, walizikunja sauti nne ndani ya mbili kwa hesabu maalum, ili mtambo wa msikilizaji uzikunjue. JVC ya Japani walifanya tofauti kabisa katika mtindo wao wa CD-4. Juu ya sauti ya kawaida waliandika katika kila ukuta mtetemo wa mara 30,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu halisikii zaidi ya mara 20,000 hivi, kwa hiyo msikilizaji hakujua kama upo. Lakini mtetemo huo ndio uliobeba habari ya kutenganisha sauti ya mbele na ya nyuma.

Makampuni hayakukubaliana, mnunuzi akachanganyikiwa, vyombo vilikuwa ghali, na kabla ya miaka ya 1970 kwisha biashara ile ilikuwa imekufa. Kwa maana ya biashara ni habari ndogo. Kwa mtunzaji ni somo kubwa. Mtu aliyeipiga sahani ya CD-4 kwa sindano mbovu aliifuta ile mitetemo ya juu bila kusikia tofauti yoyote siku hiyo. Na mtu anayeihamisha leo kwa kipimo cha sahani za CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, hupata sauti nzuri tu masikioni, kumbe njia mbili kati ya nne amezitupa, maana kipimo hicho hakishiki mtetemo wowote unaozidi mara 22,050. Hapana budi atumie sampuli 96,000 au zaidi, pamoja na sindano iliyochongwa maalum, kama ile iliyobuniwa na Shibata wa JVC kwa ajili hiyo hiyo.

Somo lenyewe ni hili: usitupe usichokisikia. Yale yasiyokuwa na maana kwako leo yaweza kuwa ndiyo ufunguo kwa mwingine kesho.

KAZI YENYEWE NYUMBANI

Sahani za bendi zetu nilizokwisha kuzishika ni za mfumo wa njia moja, yaani mono, au stirio ya kawaida. Hakuna ya kwadrafoni hata moja. Lakini somo lile linafaa vile vile. Nitaeleza hatua kwa ufupi ili hata mwanafunzi wa kidato cha pili aweze kuzifuata.

Kwanza ni kuosha. Sisi wa Kikwe tunajua vumbi la kiangazi, na vumbi likiingia katika mfereji huwa msasa. Lakini tahadhari na maji. Maji ya pande za Meru yana chumvichumvi na madini ya floraidi mengi, kama meno yetu wenyewe yanavyoshuhudia. Ukiyatumia kuoshea sahani, yakikauka huacha unga mweupe ndani ya mfereji, na sindano itauimba unga huo. Tumia maji yaliyokenekwa, yale safi yanayoongezwa katika betri za magari, na hakikisha kabisa kwamba si tindikali. Tia tone la sabuni laini, pitisha brashi laini kufuata mzunguko, kisha suuza na kukausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Lebo isilowe. Sahani za zamani za mizunguko 78 zisiguswe na spiriti, maana itaziyeyusha.

Pili ni sindano na mwendo. Sindano iwe nzuri, na iwe ya upana wa mfereji unaohusika, kwa kuwa mfereji wa sahani za 78 ni mpana kuliko wa sahani za plastiki. Mwendo wa gramafoni upimwe. Kama mtambo unazunguka haraka mno, mwimbaji wa sauti nene atageuka kijana, na gitaa halitalingana na noti yoyote.

Tatu ni kunasa sauti. Gramafoni huunganishwa na kikuza sauti chake, kisha na kifaa kidogo cha kuingizia sauti katika kompyuta. Programu kama Audacity hupatikana bure. Mimi hutumia sampuli 96,000 za biti 24, hata kwa sahani ya mono. Tena huinasa sahani ya mono kwa njia zote mbili, kana kwamba ni stirio. Sababu yake ni kwamba muziki ule ule umeandikwa katika kuta zote mbili za mfereji. Mara nyingi ukuta mmoja umekwanguliwa kuliko wa pili, kwa sababu mkono wa gramafoni uliegemea upande. Ukizinasa zote mbili waweza kuchagua ukuta ulio mzima. Wakulima wa Kikwe wanaelewa jambo hili upesi: maji yanayopita kila siku katika mfereji hula kingo moja zaidi ya nyingine.

Nne ni kutengeneza. Hapa ndipo penye hatari. Kompyuta yaweza kuondoa mlio wa kila mkwaruzo, na yaweza kufuta mchakacho wote ukabaki ukimya. Lakini kayamba na matoazi nayo yana sauti ya mchakacho, na kompyuta haijui tofauti. Nimesikia nyimbo za miaka ya 1960 zilizosafishwa mno hadi wapigaji wa kayamba wakatoweka katika bendi yao wenyewe. Kanuni yangu ni kuondoa milio mikubwa ya mikwaruzo mmoja mmoja, na kuuacha mchakacho mdogo ulivyo. Sikio la msikilizaji huuzoea baada ya nusu dakika.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote, ile nakala ya kwanza iliyonaswa isiguswe. Sisi watumishi wa serikali tulifundishwa masjalani kwamba jalada halisi halitoki. Aombaye hupewa nakala. Vivyo hivyo hapa: nakala ghafi ihifadhiwe kama ilivyotoka katika sindano, pamoja na mikwaruzo yake. Kazi ya kusafisha ifanywe juu ya nakala nyingine. Wimbo uliogawanywa katika pande mbili waweza kuunganishwa katika nakala ya kusikiliza, lakini katika nakala ghafi pande zibaki mbili. Programu za miaka ishirini ijayo zitakuwa bora kuliko za leo, na atakayezitumia atahitaji ghafi, si usafi wetu. Nakala ziwe tatu, na moja kati yake ikae nyumba nyingine.

LEBO, MAJALADA NA HAKI

Sauti si yote. Piga picha lebo za pande zote mbili na jalada la karatasi. Namba ya kampuni, jina la mtunzi na jina la bendi hukaa hapo. Tena usifute maandishi ya mkono. Katika sahani za majirani zangu nimekuta majina ya wenye mali, tarehe za kununua, bei, hata maneno ya zawadi ya arusi. Sahani moja ya mwaka 1974 ina majina manne ya wenye mali, kila moja likiwa limekatwa na kuandikwa jingine chini yake. Kwa mwanahistoria hiyo ni njia nzima ya maisha ya kitu kimoja, kuanzia kwa aliyekinunua mjini hadi kwa aliyekirithi shambani.

Juu ya haki, tuseme wazi. Kuokoa sauti isipotee ni jambo moja, na kuiuza ni jambo jingine. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Watunzi na warithi wao wana haki zao, na wengi wa wanamuziki wale walifariki bila kufaidi jasho lao. Itakuwa aibu kwa sisi tulioelimishwa kwa kodi za wananchi kuwanyang'anya mara ya pili. Ninachofanya mimi ni kunasa, kuandika katika daftari, na kumrudishia mwenye sahani mali yake pamoja na nakala ya sauti yake.

WITO

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Napendekeza mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila mmoja wetu tuliosoma shule hii atakaporudi nyumbani kwa wazazi atazame sahani zilizopo, aziweke wima kama vitabu, mbali na jua na moshi wa jikoni, na aandike orodha yake. Asizitupe hata zilizopasuka, kwani lebo nayo ni ushahidi.

Pili, orodha hizo ziletwe katika mkutano wetu wa mwaka ujao, ili maktaba ya shule iwe na daftari moja la sahani zilizomo katika familia zetu. Sahani zenyewe zibaki kwa wenyewe. Tukishajua zilipo, zile adimu zitaanza kunaswa kwanza. Mimi niko tayari kuleta vyombo vyangu shuleni na kufundisha kikundi cha wanafunzi kwa mwisho wa juma mmoja kila muhula.

Tatu, wadogo zetu mlioko madarasani, nendeni mkawaulize wazee. Kompyuta itawapa sauti ya sahani, lakini haitawaambia ni ukumbi gani Arusha Jazz walipiga, nani alicheza, kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, na kwa nini watu wa Meru walitembea usiku kwa miguu kwenda kusikiliza. Aliyekuwa na umri wa miaka ishirini mwaka 1970 sasa amepita sabini. Sahani yaweza kungoja miaka mingine kumi kama imewekwa vizuri. Mwenye kumbukumbu hawezi kuahidi hivyo. Kwa hiyo anzeni na wazee, halafu ndipo mje kwenye sahani.